Futi Nne Zinatosha

Leo sitaandika kuhusu programu. Au tuseme nitaandika kuhusu programu kwa kupitia mlango wa jikoni. Kwa wiki tatu sasa, hadithi kubwa nyumbani kwetu hapa Lodwar ni jiko. Tunataka kulipanua kidogo, na kila mtu ana maoni, wakiwemo wale ambao hawajawahi kukoroga hata uji. Nami nina yangu. Nayaweka hapa kwa sababu najua wako wasomaji wanaopanga mjengo kama huu, na hela zenyewe ni za kuungaunga.

Maoni yangu kwa ufupi ni haya: sogeza ukuta futi nne tu, shughulikia moshi kabla ya nafasi, na ramani asichore mtu asiyepika. Sasa nieleze.

Jiko letu lina mita 2.4 kwa mita 3. Humo anapika mama, anapika mke wangu, na binti wa dada yangu tunayeishi naye huosha vyombo. Kuna sinki moja, jiko la makaa sakafuni, jiko la gesi la vichomeo viwili juu ya meza, na dirisha dogo linalotazama magharibi. Saa kumi na moja jioni, chakula cha usiku kikipikwa, wanawake watatu wanapishana humo kama matatu zinazogombania abiria. Fundi alipokuja alichungulia mara moja tu akasema, "Mkubwa, hapa tubomoe hii ukuta yote, tuvute futi kumi na mbili." Kaka yangu akamuunga mkono. Yeye husema ukianza kujenga, jenga kitu cha kuonekana.

Swali langu ni moja. Kionekane na nani? Wageni wetu huishia sebuleni.

Sisi tunaoandika programu tunalijua gonjwa hili. Mtu analeta kompyuta yake, analalamika kwamba ni nzito, na kabla hujaigusa keshaamua: iongezwe kumbukumbu. Fundi mzuri wa kompyuta hafungui pochi ya mteja mara moja. Anaangalia kwanza kompyuta inafanya nini, muda unapotelea wapi, na mara nyingi anakuta programu moja inayokula kila kitu huku nyingine zikisubiri. Ukiongeza kumbukumbu bila kupima, umenunua nafasi zaidi ya tatizo kukaa.

Kwa hiyo nilipima. Nilimwomba mama ruhusa, nikakaa mlangoni na daftari kwa siku saba, kila jioni. (Siku ya kwanza alinicheka. Siku ya pili alinipa vitunguu nikate.) Nilichokiona ni hiki. Sufuria ikitoka motoni haina mahali pa kutua, kwa hiyo inawekwa chini, na mtoto mdogo anatambaa humo humo. Mboga zinakatiwa mapajani kwa sababu meza imejaa jiko la gesi. Halafu moshi: jioni moja nilihesabu mama akitoka nje mara kumi na moja kuvuta hewa na kufuta macho. Kila akitoka, kitu kinaungua. Kila akirudi, anampisha mwenzake mlangoni. Msongamano ule tulioulaumu kwamba ni udogo wa chumba, sehemu kubwa yake ni watu wanaoukimbia moshi na watu wanaotafuta pa kuweka sufuria.

Udogo peke yake si dhambi. Mwaka 1926, mbunifu wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko la nyumba za wafanyakazi katika mji wa Frankfurt, Ujerumani. Lilikuwa na mita 1.9 kwa 3.4, yaani dogo kuliko hili letu, na likajengwa katika nyumba zipatazo 10,000. Yeye alianza kwa kupima kazi: hatua ngapi kutoka motoni hadi kwenye maji, muda gani unapotea. Ila tusilinakili kibubusa. Lile lilikuwa jiko la mtu mmoja, tena lisilo na makaa. Letu ni la watu watatu, na anayesonga ugali wa watu wanane anahitaji pa kusimamisha miguu na kuzungusha viwiko. Kuongeza tuongeze. Tunachobishania ni kiasi.

Hapa nawakumbusha waandishi wa programu wenzangu deni letu kwa wajenzi. Mwaka 1977 Christopher Alexander na wenzake walitoa kitabu kiitwacho A Pattern Language, mkusanyiko wa kanuni za kujenga miji, nyumba na vyumba. Miaka kumi baadaye Kent Beck na Ward Cunningham waliichukua njia hiyo wakaileta kwenye programu. Mwaka 1995 Cunningham akatengeneza wiki ya kwanza kabisa, mahali pa kuzikusanyia kanuni hizo, na bila wiki ile tusingekuwa na Wikipedia. Basi ukifungua Wikipedia ya Kiswahili leo, jua kwamba mizizi yake mmoja umepita kwenye kitabu cha ujenzi wa nyumba.

Kitabu hicho kina ukurasa wa jiko, nao unasema jambo ambalo fundi wetu hangelipenda. Moto, maji, akiba ya chakula na meza ya kazi: viwili vyovyote kati ya hivyo visitengane zaidi ya futi 10. Meza ya kazi, ukiondoa sinki na jiko lenyewe, isipungue futi 12 kwa jumla, na isikatwe vipande vifupi kuliko futi 4. Maana yake ni kwamba jiko likikua kupita kiasi linaharibika vilevile. Ukivuta futi kumi na mbili, mpishi anatembea na sufuria ya moto kutoka ncha hadi ncha.

Sasa tupige hesabu. Watu wa pwani wana neno zuri kwa kitu ninachotaka: kipenu. Ni kile kijichumba kinachoegemea nyumba, paa lake likiwa ni paa la nyumba lililoshuka likaendelea mbele. Kipenu changu ni cha futi 4, yaani mita 1.2, kwa mita 3 za urefu wa ukuta. Jiko linatoka mita za mraba 7.2 hadi 10.8. Hilo ni ongezeko la nusu nzima. Kuta tatu mpya zinanipa mita 5.4 za kuegemeza meza, wakati futi 12 za kile kitabu ni mita 3.7 tu. Katikati ya sakafu panabaki wazi, watu wanapita.

Vifaa havitishi. Kuta zenye kimo cha mita 2.4, ukitoa matundu ya hewa, zinataka matofali ya saruji kama 150 ya kawaida, pamoja na yatakayovunjika. Sakafu ya zege la sentimita 10 inakula mifuko mitatu ya saruji, mbali na ile ya msingi na ya kujengea. Kwa anayeishi Nairobi hiyo ni hesabu ya kawaida. Huku kwetu saruji inapanda lori ikitoka upande wa Kitale, safari ya takriban kilomita 300, na kila mfuko unalipa nauli yake. Mpango wa fundi wa futi kumi na mbili unakaribia kuongeza matofali mara mbili na sakafu mara tatu.

Halafu kuna paa, ambalo watu hulikumbuka ukuta ukishasimama. Mabati yetu yana mwinamo wa nyuzi kama 15. Kwa mwinamo huo, kila mita unayokwenda mbele paa linashuka sentimita 27 hivi. Kipenu cha mita 1.2 kinashusha sentimita 32: ukuta wa ndani una mita 2.4, wa nje utakuwa na mita 2.08. Mtu mrefu anasimama vizuri. Ukivuta futi kumi na mbili, paa linashuka karibu mita nzima, na ukuta wa nje unabaki na mita 1.4 hivi. Humo utafuga mbuzi. Ili kuepuka hilo itabidi ung'oe paa, utengeneze kenchi mpya, ununue mabati mapya, na hapo ndipo mjengo mdogo unapogeuka kuwa deni. Futi nne ndicho kipimo ambacho paa la zamani linakikubali bila ugomvi.

Ukuta wa zamani nao usibomolewe wote. Tutafungua mita 2.4 na kuacha sentimita 30 kila upande, ili linta ipate pa kulala angalau sentimita 20 kila ncha. Kabla ya tofali la kwanza kutolewa, paa lishikiliwe kwa nguzo. Ukuta mpya nao utazama kidogo katika mchanga wetu huku wa zamani ukiwa umeshatulia, kwa hiyo pale zinapokutana acha kiungo kilichonyooka. Ufa ukija, upite hapo, usipite katikati ya plasta yako.

Upande gani? Lodwar iko nyuzi 3 hivi kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana linapita karibu na utosi. Linalotuchoma ukutani ni la asubuhi na la jioni, na la jioni ndilo baya kwa sababu ndiyo saa ya kupika. Magharibi basi imeshakataliwa. Upepo wetu nao unatoka kusini-mashariki. Wataalamu wa hali ya hewa wanauita mkondo wa Turkana, unaobanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya mpaka unakuwa mkali. Ukiweka moto upande unakotoka upepo, moshi wote unarudi chumbani kulala na watoto. Kwa nyumba yetu jibu lililobaki ni kaskazini: jua kidogo, na upepo unaoubeba moshi kwenda mbali na nyumba. Mabati yakitokeza sentimita 60 nje ya ukuta, hata jua la mwezi Juni linapoegemea kaskazini halitaingia mchana. Nyumba yako huenda imekaa vingine, lakini maswali ni hayo hayo mawili.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, yaani moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, inayotokana na kupikia kuni, makaa na mafuta ya taa, iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mama yangu anakohoa kila asubuhi. Daktari amemwambia wazi aondoke kwenye moshi. Ukinionyesha ramani ya jiko yenye vigae na kabati za kioo lakini haina njia ya moshi, umenionyesha ramani ya kikohozi kikubwa zaidi.

Mfano wa kufuata hauko mbali. Kule Loropio, ufukweni mwa Ziwa Turkana, kuna chuo cha teknolojia cha Startup Lions, kilichokamilika mwaka 2021. Alikichora Francis Kéré wa Burkina Faso, ambaye mwaka 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker. Majengo yale yana minara mirefu kama vichuguu vya mchwa tunavyoviona porini huku. Hewa ya moto inapanda na kutoka juu kwenye minara, na hewa mpya inaingia kupitia matundu ya chini. Kompyuta zinahitaji vumbi kidogo na joto kidogo, na jengo lenyewe linasaidia.

Kipenu kinaweza kuiga jambo hilo kwa bei ya matofali machache. Acha safu ya matundu chini, karibu na sakafu, upande wa upepo. Juu ya moto jenga kofia ya kukusanya moshi, na bomba linalopanda mpaka lipite kimo cha paa. Acha pia nafasi kati ya ukuta na mabati, uizibe kwa wavu. Matundu ya chini yana kazi ya pili: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni, na hapo itapata pa kutokea. Mtungi wenyewe ukae nje ya ukuta, chini ya kivuli. Na makaa yasiwashwe kamwe katika chumba kilichofungwa, maana hewa yake ya sumu haina harufu na inaua mtu usingizini.

Kazi yangu hunipeleka Kakuma mara kwa mara, kilomita kama 120 kutoka hapa, na huko ndiko nilikojifunza namna ya kuanza. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992. Makazi ya jirani ya Kalobeyei yalifunguliwa mwaka 2016, na baadaye familia kadhaa zikapewa fedha mkononi zisimamie ujenzi wa nyumba zao za kudumu badala ya kujengewa. Nyumba ni za kipimo kimoja, lakini pita nyuma uone majiko. Mama mmoja kutoka Sudan Kusini, ambaye kijana wake namfundisha kuandika programu, alianza na miti minne na turubai. Baada ya miezi akasogeza mti mmoja. Mvua ikapita, akainua sakafu kwa udongo. Akajenga ukuta nusu upande wa upepo, mabati yakaja mwisho kabisa. Alipofika kwenye kitu cha kununuliwa alikuwa anajua kila mti unasimama wapi na kwa nini.

Sisi tunaita hiyo toleo la 0.1, 0.2, 0.3. Yeye hana jina la kuiita, anapika tu. Lakini linganisha na mjenzi wa mjini anayemwaga zege siku ya kwanza na kuanza kufikiri siku ya pili.

Nasi tumefanya hivyo hivyo. Nilichomeka fito upande wa kaskazini, mita 1.2 kutoka ukutani, tukafunga turubai, tukaweka mbao juu ya matofali zikawa meza. Mama na mke wangu walipika humo siku kumi na nne. Kufikia siku ya tatu mama alikuwa amehamisha moto kutoka katikati kwenda kona ya magharibi, ili upepo usimpitishie ndimi za moto miguuni. Mke wangu alitaka meza moja iwe fupi kuliko nyingine, ya kusongea ugali, kwa sababu kusonga kunataka nguvu za mgongo kutoka juu. Hilo hukuti katika kitabu chochote cha Marekani. Turubai na fito vilitugharimu karibu na bure. Kuyagundua hayo baada ya zege kungetugharimu nyundo na matusi.

Na hapa niwaulize wanaume wenzangu. Kwa desturi ya Waturkana, anayejenga nyumba ni mwanamke. Akai inasimamishwa na wanawake kwa fito na makuti ya mkoma, na aliyejenga ndiye anayelala humo na kupika hapo. Mjenzi na mtumiaji walikuwa mtu mmoja. Saruji ilipokuja, ikaja na fundi mwanamume na mume mwenye pochi, na mwenye kupika akabaki kuitwa siku ya kupakwa rangi. Kiswahili chetu kinaita chombo jiko, chumba jiko, na mwanamume akioa tunasema amepata jiko. Jiko kila mahali, lakini kwenye ramani ya jiko hatumuulizi. Programu iliyoandikwa bila kumsikiliza mtumiaji huwa inaachwa kwenye kompyuta bila kufunguliwa. Jiko huwezi kuliacha. Utalitumia kila siku likiwa na makosa yake.

Jambo la mwisho ni sheria, maana kidogo si ruhusa ya kujificha. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inataka upate idhini ya serikali ya kaunti kabla ya kujenga. Ukiomba na usijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 60, idhini huhesabiwa kuwa imetolewa. Ukijenga bila kuomba, faini inaweza kufika shilingi 500,000 au kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote. Kanuni mpya za ujenzi nazo zimeanza kutumika tarehe 1 Machi 2025, zikichukua nafasi ya zile za mwaka 1968. Siku 60 si hasara. Ndizo siku za turubai.

Kaka yangu bado anasema nimekuwa bahili. Nimemjibu hivi, nanyi wasomaji nawaambia vilevile: kama una fedha za futi kumi na mbili, jenga nne. Zinazobaki nunua bomba la moshi, tangi la maji karibu na sinki, na mtungi wa pili wa gesi ili makaa yapumzike siku nyingi za wiki. Kisha mkabidhi ramani yule anayepika. Akisema sogeza, sogeza. Akishanyamaza, mwite fundi.